Lori Lililoachia Gia Mteremkoni

Jua lilikuwa linazama Mama Spana alipofika yadi ya malori, mkoba wa vifaa begani, akiwaza kama wanawe watakumbuka kuzima jiko. Fundi umeme wa magari hana saa ya kutoka kazini. Tena jioni hiyo hakuitwa na mtu hivi hivi. Aliitwa na Tajiri, mwenye malori.

Lori lenyewe alilijua. Ndani yake ndimo mumewe, dereva, alimofia. Gia iliachia mteremkoni, lori likashuka kama jiwe hadi korongoni. Tajiri akawaambia watu dereva alisinzia, na neno hilo likawafuata watoto hadi shuleni. Lori likanyooshwa, likapigwa rangi, likarudi yadi. Ila hakuna dereva aliyekubali kulipanda.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba, shemeji. Hii gia otomatiki imenigomea, taa inawaka tu. Mafundi wote wanaliogopa. Mwanaume umebaki wewe!" Akacheka peke yake.

Mama Spana alichomeka kompyuta ya kupimia chini ya usukani. Namba ya kosa ikajitokeza: waya wa sensa ya mwendo, ile inayoiambia giaboksi gari linakwenda kasi gani. Umeme unakatika njiani.

Akaingia uvunguni na mita, akawa anautikisa waya kipande kwa kipande, maana waya huweza kukatika ndani huku nje mzima. Harufu ikampiga. Mafuta ya gia yaliyoungua...

Na sigara. Zile zile za mumewe.

Vidole vikagusa tepu kuukuu. Akaibandua. Waya ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani. Kando yake kulikuwa na mwingine mwembamba, uliofungwa kijanja kuidanganya taa ya dashibodi isiwake. Sasa nao ulikuwa umechomoka.

"Tajiri, nani aliunga huku?"

"Ah, hiyo ya zamani! Marehemu alinichosha, kila safari taa, taa. Nikamwambia fundi aizime. Mzigo ungeoza, shemeji."

Alisema hivyo huku akijichokonoa meno.

Kwa hiyo hakusinzia.

Mama Spana alitoka uvunguni taratibu.

"Unatakiwa waya mpya. Niachie hadi kesho."

"Kesho? Mzigo ni wa leo! Futa hilo kosa, naendesha mwenyewe."

"Kufuta siyo kutengeneza. Litarudi."

"Futa bwana, usinipotezee muda."

Skrini ikauliza: Futa? Ndiyo. Hapana.

Kidole kikasita. Angeweza kumwambia waziwazi: utakufa. Maneno yalikuwa pale pale, ulimini.

Uvunguni, mahali alipotoka sasa hivi, kitu kikapumua.

"Mfutie..."

Sauti nzito kama ya mumewe, ila kama ya mtu mwenye mchanga kinywani.

Akabonyeza Ndiyo.

Taa ikazimika. Tajiri akapanda, akapiga honi kwa raha, akatoka getini. Mama Spana akabaki na kompyuta mkononi, waya wake ukining'inia, haujachomekwa popote.

Lakini skrini ilikuwa hai.

Gia ya tatu. Ya tano. Ya sita...

Nyutro. Gia imeachia.

Kasi ikapanda. Ikapanda. Ikapanda.

Halafu sifuri.

Hakulia wala hakukimbia. Alisikia njaa tu. Akaenda nyumbani, akapika, akawapakulia wanawe. "Baba yenu hakusinzia," akawaambia. "Atakayewauliza, mwambieni mama kasema."

Polisi walipomhoji juu ya kifo cha Tajiri, alijibu ukweli mtupu: "Aliniambia nifute, nikafuta." Wakamwacha.

Wiki haijaisha, asubuhi kweupe, basi la shule likaletwa gereji, gia zinajibadilisha ovyo. Ni basi analopanda kitindamimba wake. Mama Spana akachomeka kompyuta, akaisoma namba ya kosa, akainama kuchukua mita.

Harufu ya sigara.

"Wafutie..."

Ilitoka uvunguni, karibu na miguu yake. Safari hii aliisikia vizuri, bila hasira masikioni.

Akautazama mkono wake. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye Ndiyo.

Haikuwa sauti ya mumewe.

Haikuwahi kuwa.