Kitu Kilichoitikia Jina la Kogo

"Nani amepiga chafya?"

Chelimo aliuliza. Ilikuwa saa nane mchana, ndani ya chumba cha mitambo cha kiwanda kimoja cha chai, nyuma ya Kabianga. Walikuwa watatu tu: Weldon, msimamizi, Jentrix wa mizani, na Chelimo mwenyewe, fundi wa kompyuta, mimba yake miezi minane.

Chafya ilitoka kwenye kompyuta.

Ilikuwa mpya, imeletwa kuendesha feni za kunyausha majani, na Weldon alikuwa anaifanyia mzaha. Kwa Wakipsigis mtoto akizaliwa, akina mama wazee humnusisha tumbaku wakitaja majina ya waliokufa. Jina litakalompigisha chafya ndilo lake. Weldon alipaka tumbaku kwenye feni ya kompyuta, akataja majina huku akicheka peke yake. Alipofika "Tapkigen", kitu ndani ya chuma kikapiga chafya.

"Bosi, huyo ni kogo yangu, mama ya mama yangu," Chelimo akasema. "Hilo jina linangoja mtoto wangu."

"Wewe nawe! Majina ni mengi. Huyo mama alichuma chai miaka arobaini bila kupumzika. Si ndiye mfanyakazi tunataka?"

Sasa niambie, ruhusa alipewa na nani? Si mama mzee, si mtu wa ukoo ule. Lakini mwanaume akipewa funguo za ofisi hudhani amepewa za kaburi pia.

Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna kitu kinachoamua ikimbie kasi gani. Mafundi hukiita gavana. Kazi ikizidi, kinapandisha kasi. Kazi ikiisha, kinaishusha ili umeme usipotee bure na chuma kisiungue. Chelimo alikiweka hivyo. Kesho yake akakuta kazi ni sufuri, na kasi iko juu kabisa. Akaishusha. Kabla hajatoa kidole, ikapanda tena.

"Gavana amekataa kushuka," akamnong'onezea Jentrix.

"Kuna gavana hushuka kwa hiari? Lakini ngoja... hiyo harufu unaisikia?"

Tumbaku. Tumbaku na moshi wa kuni, katika chumba kisicho na moto.

"Hiyo ni jini, dada yangu. Usiiguse."

Baada ya wiki tatu Chelimo alijifungua msichana. Akina mama wazee wakakusanyika kwao, wakataja majina moja moja. Mtoto kimya. Wakataja Tapkigen. Mtoto kimya, ila simu ya Chelimo ikalia. Alikuwa Jentrix, sauti chini.

"Chelimo, mnafanya nini huko? Hii kitu imepiga chafya sasa hivi."

Tangu siku hiyo mtoto hakulala. Moyo wake ulikimbia kama wa mtu anayepanda kilima na kikapu kimejaa. Hospitalini walimpima, hawakuona ugonjwa. Mama yake Chelimo alimshika kifua mjukuu, akasema polepole, "Mama yangu hawezi kumtesa mtoto wetu. Jina liliitwa mahali pasipo wenyewe, kitu kingine kikaitikia."

Chelimo akarudi kiwandani kuishusha ile kasi, labda moyo wa mtoto nao utatulia. Mvua ya mawe ilipiga mabati.

"Shusha kasi kama unataka," Weldon akasema, "lakini feni zangu zikisimama, umefutwa."

Akaweka simu sikioni, upande wa pili mama yake ameweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akaandika amri ya kushusha kasi na safari hii ikakubali, ikashuka robo, ikashuka nusu, na mama akasema amelala, asante Mungu amelala, na kasi ikaendelea kushuka bila mtu kuigusa, na ile harufu ya tumbaku ikajaa puani hadi macho yakatoka machozi, na feni ikapumua pole, pole zaidi, kama kikongwe anayekaribia kukata roho, mpaka mama akapiga kelele simuni, "Rudisha! Chelimo, rudisha, amekuwa baridi!"

Akarudisha. Mtoto akalia. Ndani ya chuma kitu kikapiga chafya, kisha kikacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeshinda hoja.

Sasa Chelimo hutoka kwake kila alfajiri kwenda kuiweka ile kasi katikati. Kufikia jioni huwa imeshapanda, naye huishusha tena, kidogo kidogo, simu sikioni.

Amemweleza Weldon yote. Weldon amecheka. Anasema kompyuta ingine inakuja mwisho wa mwezi, na hii ataing'oa ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Wewe unayepeleka majani pale: ukimwona ameshika waya ya umeme ya ile kompyuta, tafadhali, mshike mkono.