Dramu Zilizofutwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa sauti, mchana kweupe. Mzee mmoja, mpiga gitaa, alimletea santuri ya roki ya mwaka sabini na mbili, iliyosahaulika stoo, aisafishe itolewe upya. Kwenye jalada, uso wa mpiga dramu ulikwanguliwa kwa wembe.

"Huyu alikukosea nini, mzee?"

"Nyimbo zilikuwa zake. Nikazichukua, akafa na kinyongo chake. Mfute na humo."

Fundi akaziondoa dramu kwenye kompyuta. Gitaa likabaki peke yake, lakini dramu ziliendelea kudunda chumbani. Akazima mitambo yote. Bado zilidunda, zikitokea kifuani mwa mzee.

Wimbo ule fundi alishausikiliza mara ishirini. Alijua zimebaki sekunde kumi wimbo uishe, dramu zinyamaze.