Mnanaa wa Maji Vuguvugu

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Kidoti aliwasha jiko la mkaa kwenye mlango wa nyuma. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kidoti cheusi kilichokaa juu ya mdomo wake, na hata shuleni walimwita hivyo. Mkaa ukishashika moto vizuri, yeye ndiye aliyeugawa. Mwingine ulibaki jikoni chini ya sufuria, na mwingine uliingia kwenye pasi ya mama.

Mama yake alikuwa mpiga pasi. Meza yake ilijaa nguo za watu, na pasi ya makaa haina subira. Ikipoa, inapita juu ya kitambaa kama mgeni anayepita njia, mikunjo inabaki palepale.

Bibi naye alikuwa na mnanaa wake, aliouotesha kwenye ndoo iliyopasuka. Mama akivimbiwa na maharage, bibi alichemsha maji, akayamimina juu ya majani, akafunika. Baada ya kunywa mama alibeua mara moja, ya heshima, na nyumba nzima ikacheka. Lakini siku hizi mikono ya bibi ilitetemeka, hakuweza kuepua sufuria ya moto. Kazi ya mnanaa ikawa ya Kidoti.

Basi ikatokea kwamba Bosi, mdogo wake Kidoti, alianza kuharisha. Alikuwa hajafikisha miaka miwili. Aliitwa Bosi kwa sababu akinyoosha kidole tu, watu wote walikimbia kumtafutia alichotaka.

"Mpe mnanaa," bibi alisema. "Tumbo litatulia."

Kidoti akateka maji ya bomba la mtaani. Tangu mvua zianze, maji hayo yalitoka na rangi ya udongo, na mama alikwisha kukataza yasinywewe bila kuchemshwa. Akayabandika jikoni. Mvuke ulipoanza kupanda, mama aliita kutoka ndani.

"Kidoti, lete makaa. Pasi imepoa na karani yuko njiani kufuata suruali yake."

Kidoti akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa vuguvugu tu. Akafikiri kidogo, kisha akaepua sufuria, akachota makaa yote kwa koleo, akayatia kwenye pasi. Majani akayaloweka katika maji yaleyale. Harufu ya mnanaa ilipanda kama siku zote. Nani angejua?

Bosi akanywa. Kesho yake hali ikawa mbaya zaidi, akapewa tena, na makaa yakaitwa tena kabla maji hayajachemka. Safari hii Bosi alitapika pia.

Karani alirudi na suruali yake mkononi. "Mama Kidoti, umenipigia mistari miwili kila mguu. Nikiivaa hii ofisini watasema nina miguu minne."

Mama hakucheka. Hakuomba hata radhi. Aliichukua suruali, akailaza mezani, akasimama akiitazama kama vile hajui nguo ni kitu gani. Karani akaona aondoke polepole.

Bosi alikuwa amelala kwenye mkeka. Macho yalizama ndani, midomo imekauka. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

"Tumpeleke zahanati, mwanangu," bibi alisema.

"Mwenzake alianza hivihivi," mama alijibu. Katika nyumba ile, mtoto aliyemtangulia Bosi hakutajwa kamwe, na Kidoti alishtuka kusikia akitajwa. "Huyo nilimpeleka. Nilirudi naye nimemfunika uso. Watoto wangu wa kiume ndivyo walivyoandikiwa, mama."

Hakusema kwa kilio. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Bibi akaomba mnanaa kidogo apate kutuliza moyo. Kidoti akammiminia uliokuwa kwenye sufuria. Bibi alionja, akakitazama kikombe, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Haya maji yalichemka?"

"Yamepoa tu, bibi."

Bibi hakunywa tena. Aliweka kikombe chini.

Adhuhuri, Bosi akaacha kulia. Ukimya huo ulimtisha Kidoti kuliko kilio. Alimwona mama amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akingoja kile alichokwisha kukikubali. Kidoti akamsogelea.

"Mama, hakuna kilichoandikwa. Sikuchemsha maji. Niliwahisha makaa ya pasi, nikaloweka mnanaa kwenye maji ya vuguvugu. Siku zote hizi. Na bibi nimemdanganya."

Mama alinyanyua uso. Kidoti alingoja kofi. Lakini ile hasira ndiyo iliyomwinua mama kitini. Alimbeba Bosi mgongoni, akafunga nguo kwa nguvu, akaiacha pasi inafuka mezani.

"Mbele yangu. Utayasema hayohayo kwa muuguzi."

Kidoti aliyasema. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, alisikiliza huku akivuta ngozi ya tumbo la Bosi. Ngozi ilirudi taratibu, imechoka. Akafungua pakiti ya chumvi maalumu ya wanaoharisha, akaikoroga kwenye maji safi.

"Kijiko kimoja kimoja. Akitapika, pumzika kidogo, uanze tena. Akikojoa, niite."

Bosi akatapika. Wakaanza tena. Akatapika tena. Mama alishika kijiko kama anayemaliza wajibu tu, macho yake yako ukutani. Mkono wake ulipochoka, Kidoti alipokea. Benchi likajaa watu, likapungua, na Bosi bado alikuwa mwepesi na mkavu mapajani mwa mama. Kidoti hakuomba chochote. Hakuona kama ana haki ya kuomba.

Kivuli cha dirisha kilikuwa kimefika mlangoni mama alipokurupuka.

"Ameharisha tena. Basi, imekwisha."

Muuguzi alikuja, akashika ile nguo iliyolowa, akatabasamu. "Huu ni mkojo, dada. Mwili umepata maji."

Mama aliinamia nguo ile akaificha sura yake ndani, mabega yakimtikisika. Bosi, kwa udhaifu wote aliokuwa nao, akanyoosha kidole kwenye kijiko.

Muuguzi akamgeukia Kidoti. "Siwezi kuapa kwamba ni maji yako yaliyoanzisha ugonjwa. Lakini yalimrudishia uchafu kila ulipomnywesha. Mnanaa ni jani zuri, linamtuliza mtu aliyevimbiwa. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi, na jani halirudishi hivyo. Huyo mpe maji haya ya pakiti, na umlete hapa siku hiyohiyo. Na dawa yoyote ukiifanya nusu, usimwambie mgonjwa kwamba umeifanya yote. Ungenyamaza mpaka jioni, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Ndiyo, muuguzi."

"Hasira yangu haijaisha," mama alisema, sauti yake ikitoka ndani ya nguo. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akamwachia Kidoti nafasi ya kukaa. "Shika kijiko. Bosi anakuagiza."