Uzi Nyuma ya Plasta

Marehemu alitoka na uso wa buluu.

Nevena Koleva aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akaona macho yake hayakumdanganya. Bibi wa watu, ambaye jamaa zake walileta picha nzuri kajifunga kitambaa cha maua, alikuwa amegeuka rangi kama mtu aliyekabwa koo.

"Zahari!" alipiga kelele. "Njoo uone ulichowafanyia watu!"

Mdogo wake akatoka chumba cha nyuma akitafuna banitsa, andazi la jibini, makombo yamemjaa kwenye ndevu. Akatazama, akacheka.

"Hilo nalo jambo, dada? Rangi zimesomwa kinyume tu. Nyekundu imekaa mahali pa buluu."

"Nimwambie mwanawe hivyo? Samahani baba, mama yako amesomwa kinyume?"

Katika mji wa Sevlievo mtu akifa tangazo lake la tanzia hubandikwa mlangoni kwake, kwenye miti na kwenye kituo cha basi, na watu husimama kulisoma hata kama hawakumjua. Matangazo hayo yalichapwa katika duka la akina Kolev tangu enzi za baba yao. Kukosea tangazo la mchumba kunasamehewa. Kukosea la maiti, familia nzima inakununia mpaka wajukuu.

Na kosa lote lilitoka kwenye kompyuta moja. Lilikuwa sanduku refu la alumini, zito kama jiwe la kaburi, alilolinunua baba yao wakati duka likiwa na wateja. Moyo wake ulikuwa wa aina iitwayo PowerPC, na wenyewe walioliunda sanduku hilo waliitelekeza aina hiyo miaka mingi iliyopita wakahamia nyingine. Mwenye akili zake angelitupa. Zahari alilifuta tumbo lote, akalitia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, tena si ya kale bali ya juzijuzi, ambayo watengenezaji wake wengi hawakuwa na habari tena na mashine kama ile. Ilimbidi aipike mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kipande kwa kipande, mchana kutwa na usiku kucha, feni zikivuma mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Ikikataa, aliandikiana na wenzake wachache wa Poland na Brazili, wote wagonjwa wa ugonjwa huohuo. Ikikubali, alitembea mjini kifua mbele kama aliyefufua mtu.

"Programu mpya zinadhani kila mashine inakula namba kuanzia mwisho mdogo," alizoea kumweleza dada yake. "Hii yangu inaanza na mwisho mkubwa. Mtengenezaji akisahau, mambo yanapinduka. Rangi zinapinduka. Hata herufi, mbilimbili, zinabadilishana nafasi. DADA inakuwa ADAD. Umeona?"

"Nimeona kwamba tunahitaji mashine nyingine."

"Wewe huna moyo, dada."

"Ninao. Ndiyo maana unaniuma."

Majira ya baridi mashine ilianza kuvuja. Maji yake ya kupozea, ya kijani, yenye harufu tamutamu ya kuchefua, yalichuruzika sakafuni, na Zahari akaacha kula. Ndipo alipomleta Mincho mwashi, wakachimba tundu kwenye ukuta mnene wa duka, wakaliingiza sanduku, wakaliziba kwa matofali na plasta, wakiacha tu matundu ya hewa na ya nyaya. Kupunguza kelele, alisema. Toka siku ile haikuvuja tena hata tone. Nevena alishukuru kelele zilivyopungua, hakuuliza zaidi. Buluu ilianza baadaye.

Baada ya yule bibi ikaja karatasi nyingine, asubuhi, ambayo hakuna aliyeiagiza. Printa ilijiwasha yenyewe. Ilikuwa na pambo jeusi la tanzia pembeni na msalaba juu, na pale pa picha palikuwa peupe. Chini yake neno moja: ENEVAN.

"Mteja gani huyu?" Nevena aliuliza.

"Takataka tu. Nitaisafisha."

Lakini Zahari hakumtazama usoni alipojibu. Aliikunja ile karatasi haraka akaitia mfukoni, na Nevena, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, aliujua ule mkono wa kuficha vitu.

Siku zilizofuata alianza kusikia baridi. Si baridi ya hewa; ilikuwa inatoka ndani ya mifupa. Sketi zikampwaya. Akipita uwanjani saa ya adhuhuri aliona vivuli vya wenzake vimelala vizuri juu ya mawe, vyeusi, na chake kimefifia kama chai iliyotiwa maji mara mbili. Akasema ni macho. Akanunua miwani. Kivuli kikazidi kufifia.

Kisha akagundua jambo la feni. Alikuwa amepanda ngazi na boksi la karatasi, akafika juu anahema, na nyuma ya plasta feni zikahema. Akasimama. Zikapungua. Akashusha boksi, akavuta pumzi ndefu kwa makusudi, na ukuta ukavuta pumzi ndefu; akaibana, na ule mvumo ambao haukuwahi kukatika tangu mashine ijengewe ukutani ukakatika, duka zima likawa kimya mpaka akasikia saa ya mkononi mwake, na katika kimya kile ikamjia harufu ya plasta mbichi na ya mishumaa ya kanisani iliyozimwa sasa hivi, na ile harufu tamu ya kuchefua chini yake, na alipokuwa karibu kuzimia kwa kukosa hewa, akijua kwamba akipumua tu ukuta nao utapumua na akijua kwamba hana namna ila kupumua, printa ikajiwasha.

Safari hii picha ilikuwepo. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, uso wa buluu, macho yamefumbwa. Nevena hakuwahi kujiona akiwa amefumba macho, lakini alijitambua. Akarudi kwenye jina. ENEVAN. Herufi mbilimbili, alisema yule mjinga. EN ikawa NE. EV ikawa VE. AN ikawa NA.

Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo. Halafu, kwa kuwa alikuwa Nevena, hofu haikukaa. Hasira iliisukuma ikatoka.

"Unaniita mimi?" aliufokea ukuta. "Mimi? Nina miaka ishirini nakufutia vumbi, shetani mkubwa wewe!"

Ukuta ukahema pamoja naye, kwa kasi ileile ya hasira.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Tota, jirani mzee ambaye watu walimwendea kuyeyushiwa madini ya risasi wakishikwa na hofu isiyo na sababu. Bibi Tota alimfunika kitambaa chekundu kichwani, akayeyusha risasi kijikoni, akaimwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Ilipoa kwa mlio kama wa paka. Wote wawili wakachungulia. Kwa kawaida hutoka umbo la mbwa, au la mtu aliyekutisha. Hii ilikuwa imetoka nyembamba, ndefu, imejizungusha.

"Uzi," Bibi Tota alisema, na sauti ikamshuka. "Mwanangu, nani alikupima?"

"Kunipima nini?"

"Kivuli."

Wazee wa huko wanasema mwashi akitaka jengo lisianguke humpima mtu kivuli kwa uzi bila mwenyewe kujua, kisha huujengea ule uzi ukutani. Jengo husimama. Mwenye kivuli hunyauka, akafa, na roho yake hubaki mle ndani kulilinda. Jini la namna hiyo wanaliita talasam. Sisi tunalo neno hilohilo, talasimu, ila la kwetu tunalivaa shingoni.

Nevena aliketi na kitambaa chekundu kichwani, akakumbuka asubuhi moja uani, kabla tu ya Mincho kuja. Jua la baridi lilikuwa limewaka. Zahari alikuwa amechuchumaa nyuma yake na uzi wa katani. "Simama hapohapo kidogo, dada. Nakisia urefu wa waya wa mtandao." Naye akasimama, tena akamtania kwamba amezeeka hawezi kuinama.

"Nikiutoa?" aliuliza.

"Utapona. Lakini kilichosimama juu yako kitaanguka."

"Kianguke."

Alipoingia dukani na nyundo ya mawe, Zahari alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Aliona nyundo, akaona uso wa dada yake, akasimama akauegemea ukuta.

"Dada, ngoja nikueleze."

"Ulinipima?"

"Ilikuwa inakufa. Umeiona mwenyewe ilivyokuwa inavuja. Vipuri hakuna, popote. Mincho akaniambia wazee walikuwa wanafanya hivi..."

"Ulinipima, Zahari?"

"Sikudhani ni kweli!" alinong'ona, kana kwamba hakutaka mashine isikie. "Naapa. Nilidhani ni upuuzi wa wazee."

"Kama ulidhani ni upuuzi," Nevena alisema polepole, "mbona hukupima kivuli chako?"

Zahari alijibanza zaidi ukutani. Nyuma yake feni zilikuwa zikipanda, zikivuma kwa hasira ambayo haikuwa yake.

"Nilikuogesha mimi," Nevena alisema. "Nilikufunga viatu. Toka hapo."

Akatoka. Nevena alipiga pigo la kwanza, plasta ikapasuka, na maumivu yakampata yeye mbavuni. Akapiga tena, akalia, akapiga, na ukuta ukalia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya chini ya mtu anayeomba asiachwe, na printa ikatapika karatasi moja baada ya nyingine zikamwagika miguuni pake, zote uso wake, zote buluu, na katika kila karatasi macho yalikuwa yamefumbuka zaidi kuliko katika ile iliyotangulia, mpaka tofali la mwisho likang'oka na nyuma yake, umebanwa kati ya jiwe na alumini, akauona uzi. Aliuvuta. Ulikuwa wa moto kama kitu kilicho hai. Akautupa ndani ya jiko la kuni, ukanuka nywele.

Mashine ikazimika. Maji ya kijani yakamwagika yote kwa mara moja.

Nevena akatoka nje kwenye jua. Kivuli chake kililala juu ya mawe, cheusi tii. Akakaa chini pale barabarani, akalia kwa hasira, na watu waliokuwa wakisoma matangazo wakajifanya hawamwoni.

Alinunua kompyuta mpya, nyembamba, isiyo na sauti. Bibi wa watu akachapwa upya, na rangi yake ya binadamu. Zahari alikaa chumba cha nyuma na lile sanduku mapajani, akilifuta kwa kitambaa. Nevena hakumsemesha. Alikuwa na haki hiyo, na aliitumia yote, wiki baada ya wiki, akimwekea sahani mezani na kuondoka. Laiti angemtazama mara moja tu, angeona.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akasikia mvumo.

Plasta ilikuwa bado mbichi. Zahari aliketi mbele ya kioo, amekonda, anatabasamu kama mtoto aliyepona homa. Jua liliingia dirishani likakiangukia kiti, na kivuli cha kiti kilikuwa sakafuni na miguu yake minne. Juu ya kiti hapakuwa na kivuli cha mtu.

"Inafanya kazi, dada," alisema. "Toleo jipya kabisa. La wiki hii."

Kwenye trei ya printa palikuwa na karatasi yenye pambo jeusi. AZAHIR.

"Uko wapi huo uzi?" Nevena alikwishashika nyundo. "Zahari, niambie uko wapi!"

"Usivunje ukuta bure. Safari hii niliuzungusha kwenye moyo wa mashine yenyewe, wiki nyingi kabla ya plasta. Nimejaribu kuugusa, nikaanguka. Ukiutoa, tunazimika pamoja."

"Kwa nini, mpumbavu wewe? Kwa nini?"

Alimtazama kwa mshangao, kana kwamba jibu lilikuwa wazi.

"Si uliniuliza mbona sikupima changu."

Alifariki kabla plamu za kwanza hazijaiva kwenye miti ya uani. Yeye ndiye aliyezichuma kila mwaka. Nevena alipanga tangazo lake kwenye kompyuta mpya, herufi kwa herufi, akiisoma kila moja mara mbili. Zahari Kolev. Rangi sawa. Jina sawa. Alibandika la kwanza mlangoni, akarudi ndani, akafunga, akachukua nyundo. Sasa hapakuwa na wa kumzuia. Aliuelekea ukuta akiwatukana wote wawili, Zahari na sanduku lake, mpaka sauti ikamkauka, akainua nyundo juu ya kichwa.

Nyuma ya plasta feni zikapungua, taratibu, kama mtu anayebana pumzi. Printa ya zamani ikajiwasha. Karatasi ikatoka, nyeupe tupu, na katikati yake neno moja.

ADAD.

Hakuhitaji kuligeuza. Alisimama na nyundo juu mpaka ikamlemea, kisha akaishusha.

Bado iko pale. Wateja wakija kuagiza tanzia hutega sikio, wakauliza ni kitu gani kinachonguruma ukutani.

"Ni mdogo wangu," Nevena huwajibu kwa ukali, bila kuinua macho. "Aliambiwa azime, hakusikia."