Kitu Kilichogonga Ndani ya Bonneti

Kila asubuhi Wacera alikusanya maziwa ya majirani huko Tetu, akayapeleka kwa pikapu hadi kituo cha kupozea. Pikapu ilikuwa ya marehemu mume wake, Gathogo. Ndiyo iliyomlisha Wacera na mama mkwe wake, Cucu Phyllis.

Jumatatu moja, ukungu ukiwa mzito kama uji, alisikia kitu mbele. Tik, tik, tik. Kama ukucha unaogonga meza.

Aliongeza mwendo. Kikagonga upesi. Alipunguza. Nacho kikapunguza.

Nywele za kisogo zilimsimama. Gathogo alikuwa akigonga dashibodi kwa kidole hivyo hivyo, kila mkewe alipokimbiza gari.

Alifika nyumbani, akazima injini. Kimya. Kisha, ndani ya bonneti: tik... tik... Gari imezimwa, na kitu bado kinagonga.

Cucu Phyllis alisimama mlangoni na shali yake. "Ni kijana wangu," alisema polepole. "Hajatulia."

"Cucu, usiniogopeshe."

"Mimi siogopi. Nimemzaa."

Wacera alipima oili. Kijiti cha kupimia kilitoka kimelowa hadi alama ya juu. Basi oili ilikuwa sawa. Wiki nzima kugonga kulizidi. Ijumaa akaamua kuuza gari.

"Na maziwa itafikaje?" Cucu aliuliza.

"Sijui. Lakini siwezi kuendesha na marehemu."

Jumamosi alienda mjini Chaka kwa dalali wa magari. Dalali hakuwa amefika. Kwenye gereji ya jirani alitoka mwanamke mwenye ovaroli, fundi aliyeitwa Tabby.

"Mama, nimekusikia ukiwa bado huko kwa lami. Hiyo injini inalia njaa."

"Hiyo si injini. Ni bwana yangu. Alikufa mwaka jana."

Tabby hakucheka. "Pole sana. Lakini marehemu hawaguzi injini. Wangekuwa wanaguza, mimi ningekuwa nimefunga gereji."

Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, mpini sikioni, kama daktari anayesikiza kifua.

"Iko huku juu, kwa valvu. Ukikanyaga mafuta, inaharakisha. Mara nyingi hiyo ni oili kidogo. Ulipima?"

"Kila siku. Imejaa."

"Unapimia wapi?"

"Nyumbani, Tetu."

"Tetu? Huko hata kuku inasimama imeinama. Pua ya gari inaangalia wapi?"

"Chini, mtoni."

"Basi oili yote inakimbia mbele, kwa kijiti. Kijiti inakudanganya."

Waliiegesha mahali tambarare, wakazima, wakangoja dakika kumi. Ndani ya bonneti, tik... tik... Wacera alirudi nyuma hatua mbili.

"Na hiyo je?"

"Ni bomba ya moshi inapoa. Mabati ya nyumba yako haifanyi hivyo jua ikizama?"

Tabby alichomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha hadi mwisho, akakichomoa tena. Tone moja jeusi lilining'inia kwenye ncha, chini ya alama ya chini.

"Siku chache tena, injini ingekwama," alisema. "Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima hapo hapo. Na ukisikia inagonga kwa uzito kama nyundo, usiendeshe. Ita fundi."

Alipata gasketi iliyokuwa ikivujisha oili, akaibadilisha. Akajaza oili kidogo kidogo hadi alama ya juu, bila kuipita. Wacera akawasha. Iligonga mara chache, polepole, kama mtu anayetembea akienda. Kisha ikanyamaza.

Dalali alipofika, Wacera alikuwa ameshafunga mlango wa gari. "Haiuzwi," alimwambia. "Iko na kazi."

Siku hizi huegesha gari juu barabarani, palipo tambarare, na hupima oili asubuhi kabla ya kuwasha. Maziwa hufika.

Jioni ya Jumamosi ile, Cucu Phyllis alisimama kando ya bonneti, akasikiliza injini hadi ilipozimwa.

"Ilikuwa oili, Cucu."

"Nimesikia." Mkono wake ulibaki juu ya chuma chenye joto. "Lakini nilikuwa nimeanza kumwongelesha."