Glavu za Tabaka Tatu

Fundi cherehani mmoja aliolewa na mvunja zege. Kazini mumewe alishika mashine ya umeme kutwa nzima, akivunja sakafu za majengo ya zamani. Wenzake walimwita Kifua, kwa sababu hakuwahi kusema amechoka. Nyumbani alirudi kimya, mikono ikimuuma kuanzia kiganja hadi kiwiko. Vidole viwili vilianza kufa ganzi.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita. Alimpenda mumewe, hakuweza kukaa tu akimtazama. Alichukua glavu zake za kazi, akazishonea kitambaa cha blanketi kwa ndani.

"Mtetemo wa mashine hautakufikia sasa," alisema.

Maumivu yakazidi. Akashona tabaka la pili. Yakazidi tena, akashona la tatu. Asubuhi moja Kifua alishindwa kufunga vifungo vya shati.

"Mke wangu," alisema, "mtoto akija nitamshikaje? Si nitamwangusha?"

Mkewe alimfunga vifungo huku machozi yakimtoka. Kisha akamwita jirani yao, muuguzi wa siku nyingi, aliyewahi kutibu wachimba mawe.

Muuguzi alizigeuza zile glavu. "Hizi ni glavu au godoro?" aliuliza.

"Haya, Kifua, zivae. Shika mchi huu kama unavyoshika mashine. Nawe mama kijacho, mguse hapa, chini ya kiwiko."

Mke akagusa. Msuli ulikuwa mgumu kama jiwe.

"Sasa zivue, ushike tena."

Msuli ukalegea.

"Umeona, mwanangu? Glavu nene mno humnyima mtu kuhisi alichoshika. Basi anakaba kwa nguvu zaidi. Misuli inachoka, na anavyozidi kukaba ndivyo mtetemo unavyozidi kupenya mkononi."

"Kwa hiyo asivae kabisa?"

"Avae! Zinakinga majeraha na baridi. Lakini ziwe saizi yake, zisimbane wala zisimpwaye. Na hakuna glavu inayozuia mtetemo wote. Ashike mashine kwa wepesi, aache uzito wa mashine yenyewe ufanye kazi. Patasi ya mashine ikiwa butu, ibadilishwe. Apokezane na wenzake, apumzike. Ganzi ikianza, aseme siku hiyohiyo."

Mke aliinama. "Basi ni mimi niliyemuumiza."

"Ulimzidishia bila kujua. Lakini ganzi ilianza kabla, naye akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Vidole vyake vitapona?"

Muuguzi alivishika vile vidole viwili, akavitazama. "Misuli itapona. Vidole, sijui. Nendeni hospitali kesho, msichelewe."

Walikwenda. Kifua alimweleza msimamizi wake ukweli, kwa aibu. Alipewa glavu zinazomkaa vizuri, na wakaanza kupokezana mashine. Baada ya miezi miwili maumivu ya mikono yaliisha. Shati alifunga mwenyewe, polepole.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Kifua alimpakata, mikono ikamshika imara. Mkewe alishukuru moyoni. Kisha akamwona anapitisha vile vidole viwili kwenye shavu la mtoto. Akavipitisha tena, na tena.

"Mke wangu," aliuliza, "ngozi yake ni laini?"

Mkewe aliweka mkono wake juu ya vile vidole.

"Laini sana, baba."

Kifua akaitikia kwa kichwa, akamwamini.