Sketi Saba Zisizokuwepo

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba ileile ukiipima mara mbili, utakijaza kibaba kwa maneno matupu. Hilo nililijua sakafuni, kwenye karakana ya mama, nikiwa nimepiga magoti katikati ya sketi za watu.

Mama ni fundi cherehani. Kila siku nikitoka shule nafagia vipande vya vitambaa, naokota sindano kwa sumaku, kisha najikunyata chini ya meza ya kukatia na madaftari yangu. Nyumbani wananiita Mbona, kwa sababu neno hilo halikauki mdomoni mwangu.

Siku ile swali moja la hesabu za seti lilikuwa limenishinda, na mtihani ulikuwa kesho yake. Darasa lina wanafunzi arobaini. Ishirini na watano wanapenda kusoma, ishirini na wawili wanapenda kuchora, watano hawapendi hata kimoja. Wangapi wanapenda vyote viwili? Nilijumlisha nikapata arobaini na saba, nikatoa arobaini, nikaandika saba. Mwalimu aliikata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: “Na wale watano umewaficha wapi?”

“Mama, mbona mwalimu anasema nimeficha watu?”

“Watafute,” mama alijibu, pini amezibana midomoni. “Mimi polisi?”

Hapo akaingia matroni wa bweni la wasichana, aliyekuja kuchukua sketi zilizoletwa wiki iliyopita kurekebishwa. Alizihesabu moja moja, kisha akachomoa karatasi.

“Fundi, hapa zipo thelathini. Karatasi yangu inasema za zipu ni kumi na nane, za pindo kumi na tisa. Jumla thelathini na saba. Na saini yako hii hapa. Saba ziko wapi?”

Mama alinyong’onyea. Siku gunia lilipoletwa alikuwa amezongwa na wateja, akatia saini bila kulifungua.

“Naomba radhi, matroni. Nipe siku mbili, nitashona mpya saba.”

“Sitaki mpya! Kazi za bweni zinahamia kwa fundi mwingine leo hii, na nitamwambia kila mtu sababu. Mkono mrefu!”

Kazi za bweni ndizo zilizotuweka mjini. Lakini, Mungu anisamehe, kilichonishika mimi ni ile namba. Saba tena!

Mama ana desturi yake. Sketi ya kutiwa zipu huchomekwa pini kiunoni. Ya kukunjwa pindo huchomekwa pini chini. Akimaliza kazi haziondoi mpaka mwenye nguo akague. Kwa hiyo pini zote zilikuwa bado mahali pake.

Nilitoka chini ya meza, nikakata lastiki mbili ndefu, nikazifunga miduara, nikazitandaza sakafuni.

“Huyu naye anacheza nini?” matroni akauliza.

“Mwache,” mama akasema.

Sketi yenye pini kiunoni niliiweka mduara wa kushoto. Yenye pini chini, wa kulia. Ya tatu ilikuwa na pini juu na chini. Nikabaki nayo mkononi. Niiweke wapi? Nikavuta miduara mpaka ikapandana, nikaiweka pale ilipopandana.

“Shangazi, hii uliihesabu kwenye zipu au kwenye pindo?”

Matroni akakunja uso. “Kote kote. Si inahitaji vyote?”

“Basi umeihesabu mara mbili, na sketi ni moja.”

Nilitarajia zenye pini mbili ziwe saba. Zikawa tisa! Nikahesabu tena: tisa. Mbona tisa? Nikageuka, nikaona sketi mbili nje ya miduara, hazina pini hata moja.

“Hizo hazikuwa na ubovu,” mama akasema. “Nilizikuta ndani ya gunia.”

“Ah! Za wale mapacha wavivu,” matroni akaguna. “Walidhani fundi anafua.”

“Ndio waliojificha!” nilipiga kelele. “Toa mbili kwenye thelathini, zinabaki ishirini na nane. Thelathini na saba toa ishirini na nane, tisa!” Nikalirukia daftari. Arobaini toa watano, thelathini na watano. Arobaini na saba toa thelathini na watano, kumi na wawili. Wale watano walikuwa wamekaa nje ya mduara muda wote, na mimi nawagawia viti ndani.

Matroni alizihesabu mwenyewe mara mbili. Kisha akaikata ile thelathini na saba, akaandika thelathini, akatia saini yake chini.

“Kazi itabaki hapa,” alisema polepole.

Mama alinishika bega. “Mwanangu, nilitilia saini nisichokihesabu, kisha nikaomba radhi ya kosa nisilolitenda. Kabla ya kushutumu, hesabu. Na kabla ya kukiri, hesabu vilevile.”

“Sawa,” matroni akasema akifunga gunia. “Lakini mtoto kunikosoa mimi, mtu mzima! Niombe radhi, yaishe.”

Nilimtazama mama. Alikuwa amerudi kwenye cherehani yake.

“Shikamoo, shangazi, maana sikukuamkia ulipoingia,” nilisema, “na karibu tena. Gunia nitakubebea mpaka barabarani. Lakini radhi siombi.”